Mpaka Mtoto wa Mtu Akanyage

Sakina mwanangu,

Soksi umenunua, dawa umepanga, na shangazi yako amekukataza nyama usizozijua mpaka mwenyewe amechoka. Hayo siyarudii. Nimejifungia huku nyuma, kwenye nyumba ya barafu, nimekaa juu ya frigo ndogo kama mtu anayelinda mali, na kutoka uani nasikia mnatwanga majani ya sombe na mnacheka. Chekeni. Mimi nina neno nililolisema mbele ya watu, na kesho asubuhi, kabla motari hajakupakia kwenye moto, pikipiki yake, kukupeleka Kindu kwenye ndege, watu walewale watasimama pale uani waone kama nitaliondoa ao nitaliacha.

Neno lenyewe unalijua. "Sina radhi." Nilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, chai bado iko moto. Shangazi yako akaacha kutafuna. Toka siku ile hujaniuliza kwa nini, na mimi sijakuambia, tunapishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Watu ndio wametutafutia sababu. Huyu anasema mama anataka kwanza mahari. Yule anasema mama anaogopa Wazungu. Baba yako mdogo, ambaye hajawahi kununua hata kipande kimoja kwangu bila kulalamika kwamba ni kidogo, alisema watu wote wasikie: "Huyu mama amezoea kuuza barafu. Sasa mutoto anaenda pahali iko ya bure, roho inamuuma." Ukajizuia kucheka. Nilikuona.

Basi kaa chini, nikuambie mwenyewe.

Nilikutuma kusoma baridi. Sikukutuma kusoma kitu kingine. Siku ulipoondoka kwenda inivesite nilikuambia: soma baridi, namna inavyotengenezwa, namna inavyotunzwa, namna inavyobebwa mbali. Hapa Kasongo fundi wa frigo ninayemjua ni mmoja, na kila akifungua mashine anabaki na skrubu mbili mkononi, anasema hizo hazikuwa na kazi. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshajenga: chumba kikubwa cha baridi pale Nyangwe, karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa, mabamba ya jua juu ya paa, na wamama wa Nyangwe hawatupi tena samaki mtoni kwa sababu joto limezidi na mnunuzi hakuja. Nilipima hata upana wa mlango, masanduku mawili yapite pamoja bila kugongana.

Nyumba hii ya barafu sikupewa na mtu. Nilianza kwa frigo moja ya petroli iliyotupwa misheni, mlango wake nilikuwa naufunga kwa mpira wa baiskeli. Ramadhani ile mtaa mzima ulifuturu kwa maji yangu ya baridi, na hakuna aliyesema huyu mama anajua kazi. Walisema huyu mama ana bahati. Shule sikumaliza, lakini kipande kimoja kinalaza samaki wangapi, na kikitoka hapa asubuhi kinafia wapi njiani, hapo hakuna anayenidanganya. Nilitaka mtu mmoja tu wa kumwachia hesabu hiyo.

Ukasoma kweli. Ukawapita wavulana. Ukapelekwa Ulaya. Halafu ukarudi unajua barafu ambayo hakuna anayeinunua, haiwekwi kwenye maji ya arusi, hailazi samaki hata mmoja. Barafu ya juu ya bahari, kule ambako dunia inaishia. Ukaniambia ndiyo kazi yako. Nikauliza, kuiuza? Ukasema, kuipima.

Siwezi kuwa muongo, siku uliyonionyesha nilipenda. Ulichukua beseni, ukajaza maji, ukatia kipande changu kilichogandia ndani ya bidoni, dumu la maji. Shangazi yako akavuta kigoda.

"Angalia, mama. Chukua ni sehemu kumi. Iliyo juu ya maji ni kama moja tu. Satelite inapita juu, inapima hii moja. Sisi tunafanya hesabu, tunajua zile tisa za chini."

"Na kama mutu ameweka kitu juu yake?" nikauliza. Mimi ni mfanyabiashara, najua watu wanaweka vitu juu.

Ukacheka mpaka ukashika magoti. "Ndiyo shida yetu hiyo, mama! Theluji. Inailemea barafu chini, na juu inaifanya ionekane nene. Inatudanganya."

Shangazi yako akaingilia. "Eti huko jua halizami?"

"Wakati wa kiangazi chao halizami, shangazi. Linazunguka tu."

"Sasa Magharibi mutasali saa ngapi?"

"Tutafuata saa ya Maka."

"Na kama betri ya saa imekufa?"

"Nitakupigia simu wewe, shangazi, uniadhinie."

Tulicheka sote watatu. Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Halafu ukaharibu. Ukasema kiangazi kikikolea, barafu inaanza kuyeyukia juu, maji yanasimama juu yake madimbwi madimbwi, ya buluu. Ukasema maji yale ni ya giza kuliko barafu, yanakunywa jua, na barafu iliyo chini yake inaisha mbio kuliko ile nyeupe. Na mashine nyingine za huko juu zikitazama dimbwi zinaona maji, zinaandika: hapa ni bahari wazi. Kumbe barafu iko chini. Ao haiko.

"Sasa munajua namna gani?" nikauliza.

"Lazima mutu aende."

"Aende afanye nini?"

"Atembee, mama. Atoboe, apime kina, aweke alama. Satelite ikipita, tunalinganisha."

"Yaani mashine yote ile, iko juu mbinguni, haijui kama ni bahari ao ni barafu mpaka mtoto wa mtu akanyage?"

"Ni vile, mama."

"Na huyo mtoto wa mtu ni wangu?"

Ulikoroga maji ya beseni kwa kidole. Ndipo ukasema mna kamba, mna mavazi yanayoelea, mna fimbo ndefu za kudunga barafu kabla ya kuweka mguu, mna mtu wa bunduki anayeangalia dubu. Kila ulichokitaja ili nitulie kilikuwa kitu kipya cha kuogopa. Habari za dubu sikuwa nazo mpaka uliponiambia yuko mtu wa kumwangalia.

Na bado sikukataa. Nilikuuliza tu kama zile satelite zinapita na kwetu.

"Zinapita, mama. Zinazunguka dunia yote."

"Zikifika juu ya Kasongo zinaangalia nini?"

"Kikundi chetu kinachukua za kaskazini. Hapa kwetu, sisi... tunaacha zipite."

"Kama wagombea," nikasema, "wakishapata kura."

Hilo linaniuma, na sina maneno matamu ya kuliandikia. Pale kivukoni Nyangwe palikuwa na chuma cha kupimia maji ya mto, kina mistari na namba. Kilianguka mimi ni msichana. Mpaka leo kimelala matopeni, wamama wanakisugulia masufuria. Mto ukipanda unabeba mpunga, ukishuka mitumbwi inakwama, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia umepanda kiasi gani kupita mwaka jana. Lakini barafu isiyo na nyumba juu yake, isiyo na kaburi, inapimwa unene wake mpaka kiganja, na anayetumwa kuikanyaga anatoka kwetu. Najua utasema joto la kule na mvua ya huku ni jambo moja. Umenieleza, nimeelewa. Kuelewa hakukunitoa uchungu. Sisi tumechafua nini? Grupe yangu moja ya kutoa umeme, nayo niliiuza siku nilipopata mabamba ya jua.

Lakini neno langu halikutoka hapo. Lilitoka kwako, siku ile ya chai, kwenye mkeka. Ulisema, "Mama, ni miezi mitatu tu." Ukapitisha mkono hewani kama mtu anayefukuza inzi.

Baba yako alisema hivyohivyo, na mkono ule ni wake. Ulikuwa mdogo, umejificha nyuma ya kanga yangu. Alikuwa anakwenda Salamabila, kwenye dhahabu. Nilimpa kila kitu: ruhusa, chakula cha njiani, hata mama yake nilimbembeleza mimi ampulizie maji ya safari. Hakufa. Angekufa ningemlilia, nikakaa eda, nikatoka. Ana duka, ana mke, ana watoto wanaofanana na wewe, na kila akipata motari anayekuja Kasongo anatuma salamu. Juzi ametuma: "Mwambieni Sakina baba yake anajivuna." Anajivunia nini? Ulichochukua kwake ni pua. Na huo mkono.

Kumruhusu hakukuwa kosa langu. Kosa langu lilikuja baadaye: mwezi wa tatu ulipoisha nikaanza kuhesabu upya, kana kwamba hesabu ndiyo iliyokosea. Mimi, ambaye mteja hawezi kunipunja hata kipande cha kidole. Sahani yake ilikaa kabatini miaka, naiosha ikiwa safi. Wewe ulikuwa unaipanga mezani pamoja na zetu, halafu unairudisha, bila kuambiwa na mtu.

Halafu nikatafuta njia ya kwenda Salamabila bila kuonekana kwamba ninamfuata mwanaume. Nikapata samaki.

Unaikumbuka safari ile, ulikuwa bado sekondari. Niliwaambia watu kwamba wachimbaji wa Salamabila hawajaonja samaki mbichi wa mto wetu Lualaba. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Wewe ulijua. Ulikuwa unaniangalia nikijipaka mafuta usoni kwa ajili ya samaki.

Tulipanga sanduku pamoja. Pumba za mpunga pembeni, barafu, samaki, barafu, pumba juu. Nikaziba kila tundu kwa plastiki na matambara, nikajisifu kwamba hata pumzi haitoki. Ukasema, "Mama, chini tuache tundu. Maji yakikaa pamoja na barafu yataimaliza."

"Nani anauza barafu hapa, mimi ao wewe?" nikakuambia, na motari akacheka.

Tulipopumzika Kabambare ukasema tena. Uliweka sikio kwenye sanduku. "Mama, humu ndani inacheza. Kuna maji."

"Funga mdomo, tuna safari."

Sikutaka kufungua. Kufungua ni kukawia, na mafuta ya usoni yalikuwa yanakauka.

Lusangi harufu ilifika mbele yetu. Tulipovunja kifuniko, barafu hakuna, samaki wanaelea kama wako hai. Tukamwaga vichakani, mbwa wa Lusangi wakatufanyia sikukuu, tukageuza. Motari alinitangaza njia nzima, kila aliposimama kuweka petroli. Mpaka leo wako watu Kabambare wanaoniita Mama Supu, na wengine wao hawajui hata lilianzia wapi.

Salamabila sikufika. Na wewe, njia yote ya kurudi, hukusema "nilikuambia." Nilikuwa nalingoja. Ungelisema ningekukemea, nikalia, nikapona. Ulikaa nyuma yangu kwenye moto ya motari, umenishika kiuno. Tulipofika nyumbani ukatafuta vikasha viwili, kimoja ukakitoboa chini, kingine ukakiacha, ukatia barafu sawasawa, ukakaa kuviangalia vikiyeyuka mpaka nikakuitia chakula. Nilidhani unaniadhibu. Kumbe siku ile ndiyo uliyoondoka. Haya ya kesho ni mizigo tu inakufuata.

Kwa hiyo ninalokuambia ni la sanduku, usilitafutie ukubwa. Huko mtakuwa kikundi, na kila kikundi kina mdogo wake, aliyeingia mwisho, ambaye watu wanacheka anavyotamka maneno. Siku akisema hapa pabaya, na wewe una haraka, satelite iko karibu kupita na hutaki kufungua sanduku, simama. Usimuulize amesoma wapi. Na siku huyo mdogo ni wewe, sema mara ya tatu. Una tabia ya kusema mara mbili halafu unanyamaza, kwa heshima. Kabambare, ungesema mara ya tatu, nafikiri ningefungua. Sina hakika. Lakini sikio lilikuwa limeanza kusikia.

Habari ya kurudi, sitajidanganya tena. Nimeishi hapa nikiangalia: kumi wakitoka, anarudi mmoja, naye anarudi mgonjwa. Wale tisa ni kama barafu yako, wako chini ya maji, tunafanya hesabu tu kwamba wapo. Sikuombi urudi kukaa. Chumba cha Nyangwe nimekibomoa kichwani, na mlango wake wa masanduku mawili. Ninachokataa ni kupewa tarehe ya kunituliza. Kama ni miezi mitatu, iwe imeandikwa pahali, na meli itakayowapeleka barafuni ina kapteni anayeijua. Kama hujui, niambie: mama, sijui. Naweza kulala na hilo. Ile nyingine ndiyo iliyonifanya nioshe sahani isiyoliwa.

Sasa, kesho. Shangazi yako amekuja hapa mlangoni, nimemwona kwenye upenyo, ameweka maji ya mtungi, ameyafunika kwa sahani safi, ili nikitoka niyaone. Desturi anaijua kuliko mimi. Mzazi aliyetamka neno baya anatia maji mdomoni, anayashika mpaka yapate joto lake, anampulizia mtoto kichwani mara tatu, na waliolisikia neno wanaona limeondoka. Baba yako mdogo atafika wa kwanza, hawezi kukosa.

Nitamrudishia shangazi yako maji yake. Nimekwisha kukata kipande, kiko ndani ya frigo hii niliyoikalia, ukubwa wa kibiriti. Hicho ndicho nitakachoweka mdomoni. Meno yangu ya nyuma yatauma, unayajua. Barafu yangu haiyeyuki haraka, hilo hata maadui zangu wanalikubali, na mpaka iwe maji, na maji yapate joto, utasimama mbele yangu na wote watangoja, motari apige honi anavyotaka. Sitaweza kukuuliza tena juu ya dubu. Sitaweza kumjibu baba yako mdogo, naye atajua hilo na atasema mengi. Ndiyo maana nimeandika leo. Uchungu wangu wote uwe humu kwenye karatasi, kesho mdomoni kiwe kipande kile peke yake.

Usije ukadhani nimefurahi. Radhi na furaha ni vitu viwili, nami ninacho kimoja. Hicho nakupa chote.

Nikishakupulizia, usijipanguse. Panda moto uende. Upepo utakukausha kabla hamjapita mashamba ya mpunga.

Mama yako